Bibi alirudisha blanketi la wamisionari kesho yake asubuhi. Nyie mnaelewaje?

#1 Mkalimani wa Zamu
Wakuu, habari zenu. Jambo hili limenikaa kooni miaka miwili, leo nalitema.

Nilichukuliwa kutafsiri kwa timu ya wamisionari kumi na mmoja waliokuja kwa siku tisa. Watu wema, sina la kuwasema vibaya. Walikuja na mahubiri, kliniki ya siku mbili na mablanketi sitini. Orodha ya wapokeaji waliiandaa wazee wa kanisa. Siku ya nane vikapangwa viti mbele: jina linaitwa, mtu anasogea, anaweka dole gumba kwenye karatasi, anapokea, anasimamishwa katikati ya wageni wawili, picha, makofi, haya mwingine. Bibi mmoja mjane akaitwa. Akapokea, akatabasamu, akaenda zake.

Kesho yake alfajiri tunapakia gari, bibi huyo hapo. Blanketi limekunjwa vizuri kuliko lilivyokuja, karatasi ya jina lake bado imebandikwa. Akalilaza mapajani mwa muuguzi wa timu ambaye alishakaa kiti cha mbele, akasema kwa lugha yake maneno mawili tu: "Hili lenu." Akageuka akaondoka. Hakuwa na hasira usoni. Furaha nayo sikuiona.

Kiongozi wa timu akaniuliza, amesemaje? Nikajibu: "Anashukuru sana, anasema Mungu awabariki."

Sasa naomba mnisaidie. Kwa nini alirudisha?

#2 Mvuvi85
Uzi bila picha ni porojo.

#3 Mkalimani wa Zamu
Picha anazo kiongozi wa timu, zaidi ya mia tatu. Pengine ndipo tatizo lilipo.

#4 MamaTatu
Aibu tu, wala msizunguke mbali. Nikiwa darasa la nne niliitwa mbele ya shule nzima kupewa viatu na wageni. Viatu vizuri kweli. Mwalimu akasoma jina langu kwenye kipaza sauti, akaongeza "huyu baba yake alifariki", kana kwamba kuna asiyejua. Vile viatu sikuvivaa hata siku moja, mama akampa binamu yangu wa mbali. Mpaka leo jina langu likiitwa kwenye kipaza sauti, hata harusini, tumbo linakata.

Bibi asingeweza kukataa mbele za watu, angewaaibisha wageni. Akapokea kwa adabu, akarudisha pasipo na macho. Huyo bibi ni muungwana kuliko wote waliokuwepo.

#5 Tomaso Hajaona
MamaTatu umegusa nusu. Nusu nyingine ni kwamba blanketi halikuja peke yake, lilikuja na mahubiri. Mtu anajua akilifunika mwilini amejifunika na deni. Kasomeni njaa ya viazi ya Ireland: wamisionari walipika supu, ukitaka bakuli unasikiliza Biblia yao kwanza na ikibidi unahama dhehebu. Waliokubali, wajukuu zao waliendelea kuzomewa kwamba babu yenu "alichukua supu". Njaa iliisha, jina likabaki. Wazee wana kumbukumbu za namna hii ambazo hazimo kwenye ripoti.

#6 Kalamu Nyekundu
#5, mambo mawili. Kwanza, si wote. Njaa ile ilianza 1845, na Waquaker, hawa wa Kanisa la Marafiki, waligawa supu kwa yeyote bila kumuuliza dini. Waayalandi wanawakumbuka kwa heshima mpaka leo. Supu ile ile, njaa ile ile, kumbukumbu mbili tofauti.

Pili, ukiitaja Ireland usiwaache Wachoctaw. Hawa ni wenyeji wa asili wa Marekani waliofukuzwa kwenye ardhi yao kuanzia 1831, wakafa wengi njiani. Mwaka 1847, hawajakaa sawa bado, wakachanga dola 170 wakazituma kwa watu wenye njaa ng'ambo ya bahari, watu ambao hawajawahi kuwaona. Maskini kwa maskini. Hapo sijawahi kusikia mtu akilalamika kudhalilishwa.

#7 Mvuvi85
Kalamu Nyekundu bwana, wewe hata kwenye harusi utasahihisha nadhiri.

#8 Shemasi Mstaafu
Vijana, hamjambo. Mimi nataka kujua habari ya orodha.

Nimehudumu ushemasi miaka ishirini na mbili, na ugomvi wote niliouona wa misaada haukuanza kwa wageni, ulianza kwenye orodha. Si jambo jipya. Fungueni Matendo 6. Kanisa ni changa, halijapata hata jengo, na tayari kuna manung'uniko: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, wa Kiebrania wanapata. Lugha mbili, meza moja. Mitume hawakusema "tutaongeza mgao". Walibadilisha wagawaji. Someni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani! Kazi waliipa upande uliokuwa unalia. Na huyo Nikolao hata Myahudi wa kuzaliwa hakuwa, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia.

Sasa Mkalimani, nani aliandika ile orodha ya sitini, na nani aliachwa?

#9 Mkalimani wa Zamu
Mzee wangu shikamoo. Orodha iliandikwa na wazee watatu, jioni moja. Sikuwepo. Ila umenikumbusha: bibi huyo anaishi ukuta kwa ukuta na mjane mwenzake anayesali kwingine. Yule hakuwemo. Wanachota maji pamoja, wanapika moto mmoja.

#10 Tomaso Hajaona
Kumbe! Kesi imekwisha, hakimu agonge nyundo.

#11 Shemasi Mstaafu
Marahaba. Tomaso, haijaisha. Kama ni hivyo angeweza kumpa jirani, au wakalikata katikati. Nauliza tu.

#12 Binti Sayuni
Samahani, nyie watu mnaongea kama vile kutoa ni dhambi. Wamisionari wameacha kwao, wamejenga hospitali na shule, leo tunakaa na simu tunawachambua. Padri Damien alikwenda kisiwa cha Molokai, Hawaii, 1864 kuwahudumia wenye ukoma waliotupwa kule na serikali yao wenyewe. Aliwaosha vidonda, akawatengenezea majeneza, akaugua ukoma, akafa nao. Mnataka nini zaidi?

Na msisahau Kaisari Juliani. Huyu aliuchukia Ukristo, lakini mnamo mwaka 362 alimwandikia kuhani wake mmoja akilalamika kwamba hao "Wagalilaya", yaani Wakristo, wanalisha maskini wao na wa kwetu pia. Adui ndiye aliyetoa ushahidi.

#13 Kalamu Nyekundu
1864 alifika Hawaii na kupewa upadri. Molokai ni 1873. Alifariki 1889. Mengine yote uko sahihi dada.

#14 Binti Sayuni
Asante. Nilijua utakuja.

#15 Chupa ya Wino
Binti Sayuni, mfano wako mzuri ila unampiga bao mwenyewe. Damien alikaa miaka kumi na sita. Timu ya Mkalimani ilikaa siku tisa. Tangu mwaka wa kwanza pale, kabla hajaugua, Damien alihubiri kwa kusema "sisi wenye ukoma". Sisi! Ile "sisi" ndiyo iliyokosekana kwenye viti vya mbele.

Halafu kuna hili la kuvaa kama wenyeji ambalo hupigiwa makofi. Hudson Taylor alifika Shanghai 1854, mwaka uliofuata akavaa mavazi ya Kichina na kusuka nywele kama wao. Wazungu wenzake wakamcheka kweli kweli. Yeye akaendelea, na shirika aliloanzisha 1865 likafanya hivyo kuwa kanuni. Huyo namkubali. Ila Matteo Ricci, mmisionari wa huko huko China? Alianza na joho la mtawa wa Kibuddha. 1595 akaliacha akavaa la wasomi wa Kikonfusio, kwa sababu watawa hawakuheshimiwa na wakubwa. De Nobili, mmisionari kule Madurai, India, tangu 1606 aliishi kama mtakatifu wa tabaka la juu, na ili akubalike kwao ilibidi ajitenge na wa matabaka ya chini. Utamaduni aliuheshimu sana. Utamaduni wa nani? Kila jamii ina sebule na ina uani, na mgeni akisifiwa kwamba "amezoea mila" mimi huuliza amezoea za sebuleni au za uani.

Kwa bibi wetu: wazee wa kanisa ndio waliokuwa sebule. Timu iliwasiliana na sebule.

#16 Mvuvi85
Huu waraka nitausoma Jumapili baada ya ibada. "Sebule na uani" lakini naiba.

#17 Muuguzi wa Mbali
Nasoma kimya tangu jana, leo niseme. Mimi ndiye huyo muuguzi, maana yake si yule wa kwenye gari, ila kazi ni ile ile. Nilitumwa na kanisa kuhudumu nchi nyingine miaka minne, lugha sijui, mila sijui. Mwaka wa kwanza nilikuwa mtoaji tu. Natoa dawa, natoa ushauri, natoa nguo zangu kuukuu. Watu walikuwa wapole na baridi kama ukuta. Mwaka wa pili nikavunjika kifundo cha mguu. Mama mmoja, mgonjwa wangu, akaja kunifulia na kunifundisha kusema "nisaidie kuinuka" kwa lugha yao. Tangu siku ile nilianza kuitwa jina. Kabla ya hapo nilikuwa "wa dawa".

Tunasahau kwamba Yesu kisimani alianza kwa kuomba: "Nipe maji ninywe." Kwa mwanamke, Msamaria, mtu ambaye Wayahudi hawakuchangia naye vyombo. Na aliowatuma wale sabini aliwanyang'anya mfuko kwanza, akawaambia wale watakachoandaliwa. Mtu asiye na mfuko hana budi kupokea.

Swali kwa Mkalimani: katika siku zile tisa, kuna mgeni yeyote aliyepokea chochote kutoka kwa bibi?

#18 Mkalimani wa Zamu
Duh.

Siku ya tatu alikuja na kikapu kimefunikwa kitambaa. Timu ilikuwa na maelekezo makali kuhusu kula vya watu, sababu za tumbo. Kiongozi alikishika kile kikapu kwa mikono miwili, akainama, akamrudishia. Kwa heshima kabisa. Nami nikatafsiri kwa heshima kabisa.

#19 MamaTatu
Mkalimani, hilo ulikuwa unalificha au ulikuwa umelisahau?

#20 Mkalimani wa Zamu
Sijui dada. Nilikuwa nahesabu lile kama jambo la afya.

#21 Chupa ya Wino
Muuguzi wa Mbali, umenirudisha Edinburgh 1910. Mkutano mkubwa wa misheni, ukumbi umejaa Wazungu wanaopanga kuufikia ulimwengu. Akasimama kijana wa Kihindi, V. S. Azariah. Hakuwakana. Alikiri kwamba wametoa mali zao kulisha maskini, wametoa hata miili yao. Kisha akasema, tunaomba pia upendo, tupeni marafiki. Wengine ukumbini walikasirika. Miaka miwili baadaye akawa askofu wa kwanza Mhindi katika kanisa la Anglikana.

#22 Tomaso Hajaona
Na msiishie 1910. Mwaka 1971 John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, alikwenda huko huko Marekani kwa wafadhili akawaambia: simamisheni kwa muda kutuma watu na fedha, tujifunze kusimama. 1974 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote likaichukua hoja hiyo pale Lusaka. Bibi na Gatu lao moja. Amerudisha blanketi, yeye alirudisha bajeti.

#23 Binti Sayuni
Gatu aliomba, je, makanisa yaliacha kupokea? Hayakuacha. Ni rahisi kusema "simamisheni" ukiwa na shuka mbili. Yakobo 2 inasema ukimwambia aliye uchi "nenda kwa amani, ukaote moto" bila kumpa mahitaji ya mwili, yafaa nini? Mimi shangazi yangu alitibiwa macho na timu ya siku kumi. Siku kumi tu. Anaona. Hakuuliza kama wamevaa kienyeji, wala hawakumwuliza anasali wapi.

#24 Muuguzi wa Mbali
Hapo uko sawa kabisa. Mtoto wa jicho hausubiri urafiki. Labda tutenganishe: kuna mambo ambayo mgeni wa siku tisa anaweza kuyafanya vizuri, na kuna mengine hayawezi kwa siku tisa hata awe malaika.

#25 Tomaso Hajaona
Blanketi liko fungu gani?

#26 Muuguzi wa Mbali
Ndiyo sijui.

#27 Kipofu wa Yeriko
Mimi kazi yangu ni lugha, naomba nirudi kwenye lile neno. Mkalimani, kwa lugha ya bibi, "hili lenu" hutumika wapi tena? Maana sisi wote tumelisoma kama "chukueni chenu". Umelitafsiri mara mbili, mara ya kwanza ulimdanganya kiongozi, mara ya pili pengine umetudanganya sisi bila kujua.

#28 Mkalimani wa Zamu
Umenifanya nikae chini. Ni kweli. Maneno hayo hayo ndiyo anayosema mtu akikupa zawadi. Ukipeleka kitu kwa mtu huwezi kusema "nimekupa", ni kujitapa. Unakiweka mbele yake unasema "hili lako".

#29 Mvuvi85
Wakuu naweka kambi hapa. Siendi kazini.

#30 Kipofu wa Yeriko
Basi kuna uwezekano hakurudisha. Alitoa. Kikapu kilikataliwa, akatafuta kitu ambacho wageni hawawezi kukiogopa, kitu ambacho wenyewe walishasema ni kizuri.

Na nyingine: wakati wa kuwaita, "maskini" ulilitafsiri vipi? Kigiriki cha Agano Jipya, kwa mfano, kina *penes*, mtu anayefanya kazi na kuishi kwa shida, na kina *ptochos*, aliyejikunyata, anayeomba. Ni vitu viwili. Lugha nyingi zina tofauti hiyo na mkalimani akiwa na haraka huokota neno lililo karibu.

#31 Mkalimani wa Zamu
Kiongozi alisema "tumekuja kuwapenda maskini". Nilitumia neno ambalo kwa lugha ile hasa lina maana ya mtu asiye na ndugu. Asiye na wa kumzika. Ndilo neno linalotumika kwenye Biblia yao, sikulibuni.

Bibi ana wajukuu tisa.

#32 MamaTatu
Uwiii.

#33 Shemasi Mstaafu
Usijilaumu sana mwanangu. Lakini siku nyingine mwulize kwanza mtu mzima wa pale neno la adabu ni lipi.

#34 Mvuvi85
Hivi hakuna anayewaza kwamba labda lilikuwa linawasha? Kuna blanketi nililala nalo bwenini, asubuhi nimekuwa kama samaki aliyeparuliwa magamba.

#35 Muuguzi wa Mbali
Msimcheke Mvuvi. Mkalimani amesema wanapika moto mmoja. Mablanketi mengi ya msaada ni ya nyuzi za plastiki, cheche ikiruka haliungui kama pamba, linayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Nimewahi kubandua. Bibi anayelala karibu na moto anajua kitambaa cha kulala nacho. Inawezekana alilipima kwa vidole usiku ule akaona hili halinifai, walirudie wasiotumia moto.

#36 Tomaso Hajaona
Yaani tumeanzia Gatu tumefikia polyester.

#37 Mkalimani wa Zamu
Mrejesho. Nimempigia katibu wa kanisa lile. Yeye anasema bibi alimwambia mtu kwamba yule muuguzi alikuwa anakohoa na kutetemeka siku zote za kliniki, na akauliza kama huyo binti hana mama. Ni kweli alikuwa anakohoa, nakumbuka. Lakini nimempigia pia mmoja wa wale wazee watatu, yeye anasema ni mambo ya jirani, kwamba walinuniana usiku ule na bibi akaona bora wote wakose. Kila mmoja ana uhakika wake. Bibi mwenyewe hana simu, na hata ningemfikia, nani anamwuliza mtu mzima "kwa nini ulirudisha"?

#38 Kipofu wa Yeriko
Tena akijibu, utatafsiri wewe.

#39 Binti Sayuni
Mimi nachukua la muuguzi. Mnaotaka la jirani chukueni.

#40 Kalamu Nyekundu
Katibu alisikia kwa "mtu". Mzee ndiye aliyeandika orodha. Hakuna shahidi hapo wa kusimama mahakamani, ila endeleeni.

#41 MamaTatu
Na muuguzi aliondoka nalo?

#42 Mkalimani wa Zamu
Alilishika mapajani mpaka getini. Kiongozi akasema liachwe, kuna mwenye uhitaji zaidi. Akalishusha dirishani.

#43 Mvuvi85
Sasa liko wapi?

#44 Mkalimani wa Zamu
Stoo ya kanisa. Katibu anasema hawawezi kumpa mtu mwingine, kwenye ripoti limeshapokelewa na dole gumba lipo.

#45 Mvuvi85
Lina karatasi ya jina bado?

#46 Mkalimani wa Zamu
Bado. Na jina lenyewe wamelikosea herufi.